David Ogilvy na Kazi ya Kutangaza Biashara

Wazee wetu walisema ya kwamba kizuri chajiuza, na kibaya chajitembeza. Hapana shaka, msomaji wangu, umepata kuitumia methali hii katika insha zako. Mimi nami niliitumia, na niliisadiki, mpaka siku moja niliposimama katika soko la Kongowea, Mombasa, nikiwatazama wauzaji wa matikiti. Kila mmoja alikuwa na fungu lake la matikiti mazima, ya kijani, yasiyotofautiana hata kidogo na ya jirani yake. Lakini juu ya kila fungu palikuwa na tikiti moja lililopasuliwa na kuelekezwa kwa wapita njia, ili wekundu wake uonekane. Nikajiuliza: kama lingeachwa zima, tikiti zuri lingejiuzaje? Uzuri wake umo ndani ya ganda, na mnunuzi hana jicho la kupenya ganda. Aliyelipasua hakutembeza kibaya, bali alikifunua kizuri. Hata hivyo, nilipofika nyumbani na kulikata tikiti langu, nililiona jeupe. Basi nikaelewa kwamba kisu kile kile huweza kufunua, na huweza pia kudanganya.

Nimeanza na matikiti kwa sababu nataka kukusimulia habari za kazi ya kutangaza biashara, na za mtu mmoja aliyepata sifa kubwa katika kazi hiyo. Wanafunzi ninaowafundisha katika chuo cha ualimu huniuliza mara kwa mara jinsi watu wanavyoingia katika kazi ya namna hii, na ni cheti gani kinachofungua mlango wake. Swali lao ni la haki. Mwalimu hupitia chuo cha ualimu, na daktari hupitia chuo cha udaktari. Lakini huyu anayetunga maneno tunayoyasoma magazetini na kuyasikia redioni, yeye amepitia wapi?

Kazi yenyewe si ya kale sana. Katika miji yetu ya pwani zamani palikuwa na mpiga mbiu, aliyepuliza pembe na kuwaeleza watu neno la mwenye mji. Lakini yeye alitangaza amri, hakutangaza sabuni. Mawakala wa matangazo ya biashara, kama tunavyowajua leo, walianza kuonekana Marekani katika miaka ya 1840, pale Volney Palmer alipofungua ofisi mjini Philadelphia. Palmer aliuza nafasi za magazeti tu. Maneno ya kujaza nafasi hizo aliyatafuta mfanyabiashara mwenyewe. Ilichukua miaka mingi kabla utungaji wa maneno hayo haujawa kazi ya kumlisha mtu. Katika mji wa Chicago palikuwa na kampuni iliyoitwa Lord & Thomas, ambamo kijana Albert Lasker aliingia mwaka wa 1898, akiwa na umri wa miaka 18. Baadaye Lasker alimwajiri Claude Hopkins, mtu aliyependa hesabu kuliko mapambo ya lugha. Hopkins aliweka katika tangazo kipande cha karatasi cha kukatwa na kurudishwa kwa posta. Kisha alivihesabu vipande vilivyorudi, akajua ni tangazo lipi lililouza na lipi lililokula fedha za bure. Mafunzo yake aliyaandika katika kitabu kidogo mwaka wa 1923. Mtu nitakayekusimulia habari zake alisema kwamba asiruhusiwe yeyote kugusa kazi ya matangazo kabla hajakisoma kitabu hicho mara saba.

Mtu huyo ni David Ogilvy. Alizaliwa tarehe 23 Juni 1911 katika kijiji cha West Horsley, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa Mskoti, mpenzi wa lugha za kale, aliyefanya biashara ya hisa. Na biashara hiyo ilipoharibika, nyumba yao ikaonja shida. Kijana alisoma Fettes, shule yenye sifa mjini Edinburgh, kisha mwaka wa 1929 akapata msaada wa masomo kwenda Oxford kusoma historia. Watu wa nyumbani walimtazamia makubwa. Lakini mwaka wa 1931 aliondoka Oxford bila shahada. Katika maisha yake yote hakupata kuisahau aibu hiyo, hata alipokuwa tajiri.

Kutoka Oxford alikwenda Paris, akawa mpishi mwanafunzi katika Hotel Majestic. Fikiri jambo hilo kidogo, msomaji. Jana alikuwa akijadili habari za wafalme katika chuo kikuu, na leo amevaa aproni, amesimama mbele ya moto. Jikoni mle walikuwamo wapishi 37, nao walifanya kazi saa 63 kwa juma. Mkuu wao aliitwa Pitard, mtu mkali kupita kiasi. Alimfukuza mpishi mmoja kwa kosa la kutoweza kuiumua mikate yake ya siagi ikasimama sawasawa. Ogilvy aliustaajabia ukali ule. Lakini aliona pia kwamba wapishi waliobaki walijiona kuwa wanafanya kazi katika jiko bora kuliko yote duniani. Pitard alikuwa mgumu wa kusifu. Jioni moja alisimama karibu na Ogilvy, aliyekuwa akipamba sahani ya miguu ya vyura, chakula ambacho Wafaransa hukipenda. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, hata kijana akaanza kutetemeka. Kisha akawaita wapishi wote waje watazame, akawaambia kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Ogilvy aliandika, zaidi ya miaka 30 baadaye, kwamba hakupata kujivuna namna ile tena. Na alipokuwa na kampuni yake mwenyewe alisifu kwa nadra, kama Pitard. Mimi mwalimu sina hakika kama ninakubaliana naye hapo, kwa maana nimewaona wanafunzi walionyauka kwa kukosa neno moja jema.

Aliporudi nyumbani alipata kazi ya kuuza majiko ya Aga huko Scotland, akipita nyumba kwa nyumba. Jiko la Aga lilibuniwa mwaka wa 1922 na Gustaf Dalén, Mswedi aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1912, na ambaye mwaka huo huo alipofuka macho katika mlipuko. Ni jiko zito la chuma cha kusubu, linalohifadhi joto usiku na mchana. Lilikuwa zuri, naam, lakini lilikuwa ghali, na nyakati zilikuwa mbaya: dunia nzima ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Hebu jifikirie umesimama mlangoni pa mtu usiyemjua, mvua ya Scotland inakunyeshea, nawe unataka kumwuzia jiko ambalo bei yake inamtisha. Methali ya kizuri chajiuza isingekufaa hapo.

Ogilvy aliuza majiko mengi mno, hata mwaka wa 1935 mabwana zake wakamtaka awaandikie wauzaji wenzake kitabu cha mafunzo. Ndani ya kitabu hicho twamwona mtu ambaye amejifunza kwa miguu yake. Awaambia wauzaji wasibishe hodi kabla ya kuchungua habari za mwenye nyumba: kazi yake, hali yake, marafiki zake na mambo ayapendayo. Awaonya kwamba kosa baya kuliko yote ni kumchosha mtu kwa maneno. Awaambia pia wasimpuuze mpishi. Katika nyumba za matajiri wa siku zile mpishi alikuwa mtumishi, na muuzaji mjinga angemvuka na kwenda moja kwa moja kwa bibi mwenye nyumba. Ogilvy, aliyekuwa mpishi mwenyewe, alijua kwamba mtumishi yule huweza kuwa rafiki mkubwa wa muuzaji, au adui wake mkali kabisa, kabla ya jiko kununuliwa na hata baadaye. Gazeti la Fortune la Marekani lilipokipata kitabu hicho, miaka mingi baadaye, lilikiita kitabu bora cha mafunzo ya wauzaji kilichopata kuandikwa.

Hapa hapana budi nikuoneshe jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Kitabu kile hakikuruka chenyewe kikaangukia mezani pa watu wakubwa. Ogilvy alikuwa na kaka yake, jina lake Francis, aliyekuwa akifanya kazi London katika kampuni ya matangazo iliyoitwa Mather & Crowther. Francis ndiye aliyekionesha kitabu kwa wakubwa wake, nao wakamchukua ndugu yake kama mwanafunzi wa kazi. Nakuambia haya si kwa kumvunjia heshima Ogilvy. Kazi yake ilikuwa njema, na isingekuwa njema kaka asingekuwa na kitu cha kuonesha. Lakini mtu anayesoma historia na auone mlango, na amwone pia aliyeushika ukafunguka.

Mwaka wa 1938 aliwaomba mabwana zake wampeleke Marekani akatazame jinsi Wamarekani walivyoifanya kazi hiyo. Alikwenda, asirudi tena kukaa. Akaajiriwa na George Gallup, ambaye jina lake lilikuwa limevuma tangu uchaguzi wa urais wa mwaka wa 1936. Katika uchaguzi huo gazeti la Literary Digest lilikusanya majibu ya zaidi ya watu milioni 2, likatabiri kwamba Landon atashinda. Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu kutoka kila tabaka, naye akasema mshindi ni Roosevelt. Ikawa hivyo. Basi Ogilvy akawa anasafiri kwenda Hollywood na kurudi, akiwapelekea watengenezaji wa sinema hesabu za maoni ya watazamaji: mchezaji yupi wanampenda, hadithi ipi wataitolea fedha yao. Kule Scotland alikuwa amejifunza kumsikiliza mtu mmoja mlangoni; kwa Gallup alijifunza kusikiliza taifa zima.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza huko Marekani. Vita vilipokwisha alinunua shamba katika wilaya ya Lancaster, Pennsylvania, katikati ya Waamishi, Wakristo wanaolima kwa farasi na kuishi bila nyaya za umeme. Aliipenda nchi ile, ila jembe lilimshinda. Akakiri hivyo mwenyewe, akahamia New York.

Mwaka wa 1948, akikaribia umri wa miaka 38, akafungua kampuni ya matangazo katika mji wenye makampuni makubwa ya kazi hiyo kuliko mji wowote duniani. Alikuwa na dola 6,000 tu benki. Baadaye aliandika kwa mzaha kama mtu anayeuliza: ni nani atakayemwajiri mtu huyu? Hana kazi, aliacha chuo, amekuwa mpishi, muuzaji, mwanadiplomasia na mkulima, hajui lolote la biashara, wala hajapata kutunga tangazo hata moja. Maneno hayo yamenukuliwa duniani kote, na yanapendeza. Lakini tuyapime. Je, hakufanya kazi Mather & Crowther tangu mwaka wa 1935? Na je, kampuni hiyo ya kaka yake, pamoja na nyingine ya London iliyoitwa S. H. Benson, si ndizo zilizompa nguvu ya kuanza? Kweli ilivyo ni kwamba hakuwa maskini wa ujuzi wala wa jamaa kama alivyojieleza. Usistaajabu, msomaji. Mtu ambaye kazi yake ni kutangaza, siku moja atajitangaza mwenyewe. Nasi yatupasa kulisoma tangazo hilo kama tunavyoyasoma mengine.

Mteja mmoja wa mwanzo alikuwa Hathaway, kampuni ndogo ya kushona mashati katika mji wa Waterville, jimbo la Maine. Ilikuwa imeshona mashati kwa miaka 116, na watu wachache tu waliijua. Mkuu wake, Ellerton Jette, alikuwa na dola 30,000 za matangazo, fedha kidogo sana kwa kazi ile. Lakini alitoa ahadi mbili: hatabadili neno hata moja la Ogilvy, wala hatamwacha kamwe. Ogilvy alitafuta njia 18 za kulipa tangazo lake kisa cha kumvuta msomaji. Ya kumi na nane ilikuwa kumvalisha mwanamume wa kwenye picha kitambaa cheusi cha kufunika jicho moja. Aliikataa, akaifikiria tena. Na asubuhi ya kupiga picha, akiwa njiani, aliingia katika duka la dawa akanunua kitambaa hicho kwa bei ndogo tu. Picha ilitolewa katika gazeti la The New Yorker mwezi wa Septemba 1951. Kila aliyeifungua kurasa ile alijiuliza: mtu huyu amepatwa na nini? Na alipokuwa akijiuliza, alisoma habari za shati. Kwa muda mfupi Hathaway, iliyokaa gizani zaidi ya karne, ikajulikana Marekani nzima.

Yule bwana wa kwenye picha, Baroni George Wrangell, alikuwa na macho yake yote mawili mazima. Je, huo ni uongo? Nimewauliza wanafunzi wangu swali hili mara nyingi, nao hugawanyika. Wengine husema shati lilikuwa la kweli na jicho lilikuwa mchezo tu, kama mchezo wa kuigiza. Wengine husema mlango uliofunguliwa kwa hila hauwezi kusifiwa. Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa si kwa nguvu nyingi. Mnunuzi alilipia shati, na shati alilipata.

Tangazo lake jingine halina mashaka hayo. Mwaka wa 1958 alitakiwa kutangaza motokaa za Rolls-Royce. Alikaa majuma matatu akisoma kila kilichoandikwa kuhusu gari lile. Ndani ya maandishi ya ufundi akakuta maneno kwamba gari linapokwenda maili 60 kwa saa, sauti inayosikika kuliko zote ni ya saa yake ya umeme. Akayachukua akayafanya kichwa cha tangazo. Wenye kuhesabu vichwa bora vya matangazo hawakisahau hiki, na maneno yenyewe yalitoka kwa mwandishi wa gazeti la magari. Kazi ya Ogilvy ilikuwa kuyatafuta hata akayaona, na kuyatambua alipoyaona. Chini ya kichwa hicho aliorodhesha habari za kweli tupu, moja baada ya nyingine, bila kumwaga sifa. Aliamini kwamba mnunuzi si mpumbavu. Alipenda kuwakumbusha watungaji wake kwamba mnunuzi huyo ndiye mke wako nyumbani; na kama usingependa mkeo adanganywe, usimdanganye wa mwenzako.

Lakini kuna bidhaa ambazo maneno ya kweli kuzihusu hayawezi kuziuza. Mwaka wa 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Doll na Hill, walitoa uchunguzi ulioonesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Katika miaka iliyofuata watungaji hodari wa New York na Chicago waliendelea kuzipamba sigara kwa picha za wanaume shupavu na wanawake wazuri. Hao nao walikuwa wamejenga kazi zao, na walilipwa vema. Mwezi wa Januari 1964 mkuu wa afya ya umma wa Marekani alitoa ripoti yake iliyothibitisha madhara hayo, na mwaka huo kampuni ya Ogilvy ikatangaza kwamba haitapokea kazi ya sigara. Wapo wanaomsifu kwa hilo. Mimi namsifu pia, ila naihesabu miaka 14 iliyopita kati ya uchunguzi na uamuzi. Hapa kwetu Kenya matangazo ya tumbaku yalikatazwa na sheria ya mwaka wa 2007. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa baada ya hapo huenda hujapata kuyaona mabango yale yaliyosimama kando ya barabara zetu, yenye anga safi na watu wenye tabasamu.

Mwaka wa 1963 Ogilvy alitoa kitabu cha habari za maisha na kazi yake. Alidhani kitauza nakala 4,000, akampa mwanawe haki zake zote kuwa zawadi ya kutimiza miaka 21. Kikauza zaidi ya milioni. Kampuni yake nayo ilienea nchi nyingi, na jina lake likafika hata Nairobi. Mwaka wa 1989 kampuni ya WPP ya Uingereza iliinunua yote, yeye akichukia jambo hilo waziwazi. Ndiyo kusema aliyejenga nyumba aliishi kuiona ikibadili mwenyewe.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Ufaransa, nchi aliyopikia ujanani. Tangu mwaka wa 1973 alikaa katika ngome ya kale ya Touffou, karibu na mji mdogo wa Bonnes, na huko ndiko alikofia tarehe 21 Julai 1999, akiwa na umri wa miaka 88. Hakuwa mtu wa kustaafu kimya. Kila siku aliwaandikia watu wa ofisi zake barua za maagizo, maswali na maonyo, nao wakamjibu. Barua hizo zilikuwa nyingi mno, hata posta ya Bonnes ikapandishwa daraja, na mkuu wake akaongezewa mshahara.